Kasi Moja, Hesabu Tatu: Mintarafu ya Mapigo ya RAM

Mpwa wangu alinijia jioni moja na kompyuta yake ya mapajani, na kabla sijamaliza kumwitikia shikamoo yake akatoa shitaka: "Mjomba, nimeibiwa." Nilimketisha, nikaagiza kahawa, nikamtaka aeleze kwa utaratibu, kwa kuwa neno la wizi si neno la kumrushia mtu na duka lake. Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Kompyuta hiyo, ambayo aliinunua ikiwa imekwisha tumika, ina prosesa ya Intel ya jina la Core i5-8250U, nayo ilikuja na RAM moja ya giga nane, DDR4 ya 2400, sloti ya pili ikiwa tupu. Naye, kwa kuona mashine inakokota kila anapofungua kurasa nyingi kwa pamoja, alikwenda Kariakoo kutafuta RAM ya pili. Palikuwa na ya 2400 iliyotumika na ya 3200 mpya, na muuzaji, akiishika hii mpya baina ya vidole viwili, alimwambia, "Hii itakimbia zaidi," kwa hivyo akaongeza shilingi 12,000 akaichukua. Fundi akafungua parafujo, akaichomeka, akaiwasha mashine, giga kumi na sita zikaonekana, wakaagana kwa wema.

Usiku ule, kwa udadisi wa ujana, alifungua Task Manager ya Windows, akakuta kasi ya RAM imeandikwa 2400. Akaingiwa na tashwishi, akapakua programu iitwayo CPU-Z ili apate shahidi wa pili, na shahidi wa pili akamwambia: megahezi 1197. "Dukani 3200," alisema, "Windows 2400, hii nyingine 1197. Kila ninayemuuliza, mjomba, anaipunguza."

Nilicheka, kisha nikajuta kucheka, kwa sababu malalamiko yake yana msingi ingawa hukumu yake haina. Nambari zote tatu ni za kweli, ila neno moja, kasi, limetwikwa maana tatu zilizo mbalimbali: pigo la saa iongozayo RAM, idadi ya mizigo ipitayo kwa sekunde, na muda wa kungoja kabla ya mzigo wa kwanza kutoka. Aghalabu anayeuza hutaja maana moja, mashine ikaonyesha nyingine, na mtumiaji akaihisi ya tatu.

Tafauti iliyo nyepesi ni ile ya 1197 na 2400, na msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufundishwa kwa kirefu kuwa jambo moja laweza kubeba nambari mbili pasipo uwongo, kwani toka utotoni hutazama saa ya ukutani yenye mshale juu ya saba akasema, bila kusita, kuwa ni saa moja asubuhi. RAM za zama za SDRAM, zilizoenea katika miaka ya 1990, zilitoa mzigo mmoja kwa kila pigo, mfano wa mahamali wanaopokezana magunia kila kiongozi wao anapopiga kofi. Kisha wahandisi wakazingatia kuwa pigo lina pande mbili, kupanda na kushuka, ya kwamba viganja vinapoachana hutoa ishara kama vinapokutana, nao wakapitisha mzigo katika pande zote mbili. Hiyo ndiyo DDR, ambayo kanuni yake ilitolewa mwezi wa Juni mwaka 2000 na JEDEC, baraza la wenye viwanda linalosawazisha vipimo vya vifaa hivi, na vizazi vyote vilivyofuata, toka DDR2 hata DDR5, vimerithi hulka hiyo. CPU-Z huhesabu makofi. Windows huhesabu magunia. Makofi 1200, magunia 2400. Na zile tatu zinazopunguza 1200 ikawa 1197 hazina siri kubwa: mashine hupata pigo la RAM kwa kuzidisha pigo la msingi mara 12, na pigo la msingi, ambalo hutajwa kuwa 100, lilikuwa pungufu kidogo ya hiyo mia.

Kwa insafu, basi, ile 2400 haistahili kuitwa megahezi, maana megahezi ni mapigo milioni kwa sekunde na mapigo yenyewe ni 1200. Jina lake halali ni uhamisho milioni 2400 kwa sekunde, kipimo ambacho wenyewe huandika MT/s, na matoleo mapya ya Windows 11 yamekwisha anza kukiandika hivyo. Mafundi wetu wamejitoa katika udhia huu kwa kusema tu "basi 2400" na "basi 3200", neno lisilo na ujamaa na daladala, nami sioni taksiri yoyote katika usemi wao maadamu pande mbili zinaelewana.

Ilibaki tafauti ya 3200 na 2400, ambayo ndiyo iliyomuuma, kwa kuwa hapo ndipo palipo na fedha yake. Juu ya kila RAM, kando ya zile chipu kubwa nyeusi, mna chipu ndogo mno isiyohifadhi kazi ya mtu yeyote. Amana yake ni cheti cha RAM hiyo, kinachotaja ukubwa wake, miendo inayoiweza, na muda inaohitaji katika kila hatua. Cheti hicho huitwa SPD. Mashine inapowashwa, Windows ikiwa bado haijaamka, bayosi husoma vyeti vyote vilivyomo katika sloti, huvipima na uwezo wa prosesa, kisha huchagua mwendo mmoja ambao wote wanaumudu, kama msafara wa majahazi yanayosafiri pamoja, ambao nahodha wa chombo chepesi hana budi kupunguza tanga ili asiwaache wenziwe. Sasa RAM ya zamani ya mpwa wangu haiwezi zaidi ya 2400. Na hata tungeing'oa na kuitupa, bado prosesa yenyewe, ambayo Intel ameiwekea mpaka wa 2400 kwa DDR4, isingekubali kwenda mbele zaidi. Ile 3200 ya rajamu ni ahadi ya uwezo, wala haikuwa taarifa ya mwendo utakaopatikana ndani ya kila mashine.

Tulithibitisha hapo hapo mezani. CPU-Z ina ukurasa wa Memory, unaoonyesha mwendo uliopo, na ukurasa wa SPD, unaosoma cheti. Mpwa wangu alikuwa amefungua ule wa kwanza peke yake. Tulipofungua wa pili tukachagua sloti ya RAM mpya, ikajitokeza DDR4-3200, na pembeni yake 1600, ambayo ni hesabu ya makofi. RAM ilikuwa halali, haikughushiwa, na shitaka la wizi likafutwa pale pale, ijapokuwa mshitaki alionekana kusikitika kidogo kwa kufutwa kwake.

Hapo ningaliweza kunyamaza, lakini kuna swali ambalo kwangu ni zito kuliko yote hayo, nalo ni hili: kati ya maana tatu za kasi, ni nani aliyeamua kuwa rajamu itaje hii na kuificha ile?

Jibu laanzia katika asili ya RAM yenyewe. Kumbukumbu ya aina hii ina asili yake kwa Robert Dennard wa IBM, aliyepata hataza mwaka 1968 kwa dhana nyepesi ajabu: kila biti ihifadhiwe na transista moja na kapasita moja tu, kapasita ikiwa na chaji au ikiwa haina. Mwaka 1970 Intel wakatoa chipu yao ya 1103, yenye biti 1,024, ikaingia sokoni. Kapasita hiyo ni mfano wa kikombe kinachovuja. Chaji yake hutoroka, na hivyo kila chembe haina budi kusomwa na kujazwa upya, kwa kawaida ndani ya kila milisekunde 64, mashine ikiwa kazini au imelala macho. Kikombe hiki kidogo ndicho kilichoamua mengi tuyaonayo leo.

Kabla ya SDRAM, RAM ziliuzwa kwa muda wa kungoja. Rajamu iliandika 70, au 60, maana yake nanosekunde, na mnunuzi alijua kuwa iliyo ndogo ndiyo bora, kama ajuavyo msafiri kuwa safari ya siku tatu ni bora kuliko ya siku tano. SDRAM ilipokuja ikaleta PC66, PC100 na PC133, nambari za mapigo, na kwa mara ya kwanza iliyo kubwa ikawa bora. Kisha ikazuka DDR, wakati ambapo mshindani wake, RDRAM ya Rambus, alikuwa akitembea sokoni kwa jina la PC800. Na DDR ya 266, ikisimama kando ya 800, ingaliwaonekania wanunuzi kuwa mbilikimo. Wauzaji wa DDR wakaiita PC2100, idadi ya megabaiti zinazopita kwa sekunde, inayopatikana kwa kuzidisha ile 266 na baiti nane za upana wa njia. Siamini kuwa ilikuwa sadfa. Toka siku hiyo tukawa na PC3-12800, na PC4-25600, ambayo ni ile ile 3200 ya mpwa wangu imezidishwa kwa nane, na mtu asiyejua akiziona 3200 na PC4-25600 katika maduka mawili hudhani ni bidhaa mbili.

Na muda wa kungoja, uliokuwa mwenye nyumba, ulikwenda wapi? Ulihamishiwa uani. Katika rajamu ya PC4-3200AA umo ndani ya zile herufi mbili za mwisho, AA, ambazo kwa ajuaye maana yake RAM hungoja mapigo 22. Na katika RAM yake ya zamani, iliyoandikwa PC4-2400T, umo ndani ya ile T, yaani mapigo 17. Mnunuzi wa kawaida hana habari nazo, wala muuzaji hamwelezi.

Tuzifanyie hesabu, kwani hapa ndipo ukweli wa jambo hili ulipojificha. DDR ya 400 ilingoja mapigo 3, kila pigo likichukua nanosekunde 5: jumla 15. DDR3 ya 1600 hungoja mapigo 11 ya nanosekunde 1.25: jumla 13.75. DDR4 ya 3200 hungoja mapigo 22 ya nanosekunde 0.625: jumla 13.75 tena, bila kupungua hata chembe. DDR5 ya 4800, ambayo JEDEC ilitoa kanuni ya kizazi chake mwaka 2020, hungoja mapigo 40, na jumla yake ni nanosekunde 16.67, yaani imezidi ile ya DDR ya kwanza. Nambari ya rajamu imekua mara kumi na mbili, toka 400 hata 4800, ilhali muda wa mzigo wa kwanza kufika mlangoni umekaa pale pale, na tukitaka kusema kweli yote, umerudi nyuma kidogo.

Sababu ni kile kikombe. Turudi kwa mahamali wetu: nje ya bohari wamezidi kuwa wepesi mwaka hata mwaka, makofi yakiharakishwa, lakini ndani ya bohari yupo mzee mtunza stoo ambaye lazima aende hadi rafu, atafute gunia, alinyanyue kwa uangalifu kwa kuwa limechakaa na linavuja, na mwendo wa mzee huyu haubadiliki kwa kelele za nje. Wahandisi, waliposhindwa kumharakisha, walimpa mkokoteni. Katika DDR hutoka na magunia mawili kwa mwendo mmoja, katika DDR2 manne, katika DDR3 manane. Na hivyo DDR ya 400, DDR2 ya 800 na DDR3 ya 1600, ambazo kwa rajamu kila moja ni mara mbili ya iliyoitangulia, ndani ya bohari zote tatu zilikwenda kwa mapigo yale yale milioni 200 kwa sekunde. Fauka ya hayo, ikiwa gunia litakiwalo limo katika chumba kingine, mzee hana budi kufunga mlango huu kwanza, kufungua ule, ndipo atafute, na katika DDR4 ya 3200 hatua hizo tatu kwa pamoja hufika nanosekunde 41. Wanaomtaka mzee huyu awe mwepesi waweza kupewa, maana ziko kumbukumbu za namna nyingine zilizo nyepesi mno, zile za kache zilizomo ndani ya prosesa; lakini hizo zina transista nyingi kwa kila biti, hula nafasi na fedha, na ndiyo maana i5-8250U inazo megabaiti 6 tu.

Sasa tuipime mali inayodaiwa kupotea. RAM mpya, ikienda 3200, ingengoja nanosekunde 13.75; ikiwa imepunguzwa hadi 2400, bayosi huipunguzia pia hesabu ya kungoja, kutoka mapigo 22 hadi 17, na jumla yake huwa 14.17. Tafauti ni sehemu 42 za mia za nanosekunde moja, muda ambao nuru yenyewe, yenye mwendo kuliko kila kitu, haimalizi shibiri. Sikatai kuwa upana wa njia ungeongezeka kwa theluthi moja kama mashine ingalikubali 3200, na wapo watu wa kuihisi theluthi hiyo: mwenye kuhariri video, mchezaji wa michezo mizito katika kompyuta ambayo picha zake huchorwa kwa kukopa RAM ya mashine. Mwandishi wa barua na msomaji wa kurasa hawamo, kwa kuwa haja zao nyingi hukidhiwa na kache kabla mzee wa bohari hajaitwa.

"Lakini mjomba," akasema, "mbona imekuwa nyepesi kweli? Haikokoti tena." Swali hilo lilinifurahisha, kwani aliyelalamika kuwa hakupata kitu alikuwa ameshuhudia mwenyewe kuwa amepata, ila amekipata mahali asipopatazama. Kwanza, RAM mbili katika sloti mbili hufungua njia mbili sambamba za kuingilia katika prosesa. RAM moja ya 2400 hupitisha megabaiti 19,200 kwa sekunde. Moja ya 3200, hata katika mashine iliyoikubali, ingepitisha 25,600. Mbili za 2400 kwa pamoja hupitisha 38,400. Kwa ufupi, majirani wawili wa mwendo wa pole ni bora kuliko bingwa mmoja peke yake.

La pili ni ukubwa, nalo ndilo lililobadilisha maisha yake. Alipokuwa na giga nane, Task Manager ilikuwa ikimwonyesha 7.4 zimeshikwa katika 7.9 zilizopo, na Windows, ikikosa pa kuweka kitu kipya, huhamishia kilichomo kwenye diski, kisha hukirudisha kinapotakiwa. Diski za kisasa za SSD hujibu kwa makumi ya maikrosekunde, ambayo ni makumi ya maelfu ya nanosekunde. Zile za zamani zizungukazo, kwa milisekunde, nazo ni mamilioni. Kule kukokota alikokuona kulikuwa safari za kwenda diski na kurudi, na giga nane zilizoongezwa zimeukata mguu huo. RAM ya 2133 ingalifanya kazi hiyo hiyo na asingaliona tafauti hata akikodoa macho.

Alitaka kujua pia kama angeweza kumshauri rafiki yake mwenye kompyuta ya zamani zaidi, nikamwonya jambo moja tu: prosesa za Intel za kizazi cha nne zenye herufi U mwishoni hutaka DDR3L, ya volti 1.35, ilhali DDR3 ya kawaida ni ya volti 1.5, na kwa kuwa zote mbili zina pini 204 huingia katika sloti bila upinzani, kisha mashine aghalabu haiwaki, na fundi asiyejua akaanza kuilaumu bodi.

"Basi ningechukua ile ya 2400?"

Nilimwambia RAM yake haikuharibika kwa kwenda polepole. Siku akiihamishia katika mashine inayokubali 3200, mathalan yenye prosesa ya i5-1135G7, cheti kitasomwa upya na makofi yatafika 1600. Ila asijaribu kuilazimisha katika mashine ya DDR5, ambayo pini zake ni 262 badala ya 260 na pengo lake limekaa pengine. Kwa kompyuta aliyo nayo leo, RAM ya 2400 ingalimpa kila kitu anachokiona sasa. Muuzaji hakumuuzia mali bandia. Lakini alipomwambia kuwa itakimbia zaidi bila kumuuliza ni prosesa gani iliyomo ndani, alimtoza shilingi 12,000 kwa mwendo ambao mashine hiyo haikuwa na njia ya kuutumia, na hapo, nilikiri, kesi ipo, ingawa ni ndogo kuliko ile aliyokuja nayo.

Alikaa kimya akiikunja na kuikunjua risiti. Kisha akafunga kompyuta, akamalizia kahawa iliyokwisha poa, akaniuliza kama ninayo nauli ya kumfikisha Kariakoo kesho asubuhi, kabla ya saa tatu, muuzaji angali hajapata wateja wengi.